Tulivyopigia Kura Pumzi ya Sista

Mimi nilikuwa mwombaji hodari. Nianze na hilo, maana aibu yangu yote imeota hapo. Katika kanisa letu dogo la Kibaptisti kule Chake Chake, banda la mabati lenye mabenchi manane, ikifika zamu yangu ya kuomba watu walijiweka sawa kama wanaosubiri pilau. Nilianza chini, nikapanda taratibu, nikaishukuru mvua, nikawaombea wakubwa wa serikali, nikamkemea shetani kwa majina yake yote, na nilipotua kwenye amina akina mama walikuwa wanafuta machozi. Mzee mmoja aliwahi kusema kwamba mimi nikiomba hata mikarafuu inasikia. Sifa ile niliikataa kwa mdomo, lakini moyoni niliila mpaka makombo.

Baba yangu aliletwa Pemba na karafuu. Alitoka Unyamwezini kuja kuchuma msimu mmoja, akaoa, akabaki, na baada ya Mapinduzi akapata eka tatu pale Wawi. Mimi nilikuwa nimeshazaliwa hapo hapo, nikasoma, nikawa bwana shamba. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka mashamba ya watu nikikagua mikarafuu, nikiona ulio na ugonjwa naamuru ukatwe kabla haujaambukiza mingine. Jina langu watu waliacha kulitumia zamani. Nje nilikuwa Bwana Shamba, na kanisani nilikuwa Shemasi.

Tulikuwa wachache. Askari wawili watatu kutoka bara, walimu, wauguzi, na sisi watoto wa wachuma karafuu. Majirani zetu wote ni Waislamu na tuliishi nao vizuri, tukila vya sikukuu zao na wao wakila vya kwetu, lakini ukiugua sana au ukifa, wa kukubeba ni wale wa mabenchi manane. Kwetu kanisa lilikuwa ndio ukoo. Na ukoo huo ulijisifu kwa jambo moja: hatuna askofu. Kila kitu tunakiamua wenyewe kwa kunyoosha mikono, tangu rangi ya pazia mpaka nani abatizwe. Mimi ndiye niliyehesabu mikono na kuandika.

Jumatano jioni tulikuwa na maombi ya mzunguko. Tunakaa duara, mmoja anaomba kwa sauti, akimaliza anamgusa bega jirani yake, naye anaendelea, mpaka duara lifunge. Hakuna aliyerukwa. Hata mtoto alisema mawili matatu.

Katika duara hilo alikuwamo mama mmoja muuguzi. Alikuja Pemba akimfuata mume askari, kisha mume akahamishiwa bara akasahau kwamba alikuwa na mke. Yeye akabaki hospitalini na binti yake wa pekee, mtoto wa miaka sita, mwenye sauti kali kuliko kwaya nzima. Sote tulimwita mama yule kwa jina la mwanawe, Mama Fulani, kama ilivyo desturi.

Mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, homa ilimchukua yule mtoto kwa siku mbili. Tukamzika katika kiwanja chetu kidogo cha makaburi. Niliomba mimi pale kaburini, na niliomba vizuri sana. Mama yake hakulia. Alisimama tu akitazama viatu vyangu. Njiani tunarudi watu wawili walinishika mkono wakaniambia nimewafariji, nami nikarudi nyumbani nimefurahi. Ndiyo, nimefurahi. Neno lingine sina.

Baada ya hapo hatukujua tumwiteje. Jina la mtoto lilitukwama kooni, kila mtu akaogopa kulitaja, basi polepole tukaanza kumwita Sista, kama wagonjwa wake walivyomwita. Hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Jumatano ilipofika, akaguswa bega. Akakaa kimya. Tukangoja. Kisha akamgusa jirani yake bila kusema neno. Wiki iliyofuata vile vile, na miezi miwili ikapita hivyo. Mimi niliona duara limetoboka.

Mchungaji wetu alikuwa kijana mpole kutoka bara, mtu wa kusoma vijitabu. Alikuwa amerudi kutoka kwenye semina na kijitabu cha maombi ya ukimya, kwamba mtu hukaa, hutulia, huchukua maneno mawili akayatamka rohoni pamoja na pumzi, akamngoja Mungu. Akampa Sista maneno yake mawili. Akivuta pumzi: Bwana. Akiitoa: hurumia. Basi. Na alipoona yule mama ameanza tena kula, akaamua kutupa na sisi. Kila Jumatano, kabla ya mzunguko, robo saa nzima tukae kimya.

Robo saa! Nani alijua ni ndefu kiasi kile? Nilisikia nazi ikianguka kwa jirani, nikasikia tumbo la mwenzangu, nikamsikia mjusi juu ya mabati. Nilitafuta kitu cha kumwambia Mungu bila watu kusikia, sikukipata. Nilichokipata ni kwamba nilikuwa naipanga sala nitakayoisema zamu yangu ikifika, wapi nipandishe, wapi nishushe. Nikafumbua jicho moja kutazama kama wenzangu nao wanahangaika. Sista alikuwa ametulia, kifua kikipanda na kushuka, midomo ikicheza kidogo. Nilimchukia. Siku ile nisingelisema hivyo, ningesema nina wasiwasi na mafundisho.

Na wasiwasi ulikuwa na karatasi yake. Shemasi mwenzangu wa bara alinitumia waraka uliokuwa ukizunguka makanisani, unaoonya kwamba kuna mafundisho ya watawa na ya dini za mbali yanayoingia kwa Wabaptisti kupitia mlango wa nyuma: kukariri neno moja, kuchunga pumzi, kuondoa fikra, kutafuta hisia badala ya Neno. Siwezi kusema waraka ule ulikuwa upuuzi. Hata leo ukiniuliza, nitakwambia Maandiko yatangulie, na mtu anayetafuta sauti gizani bila Maandiko anaweza kuitikiwa na yeyote. Lakini waraka ni kama panga. Swali ni nani amelishika, na ameamkaje siku hiyo.

Kila asubuhi nilikwenda na chupa yangu kuchukua maziwa kwa jirani. Jirani huyo ni rika langu, tulikua pamoja tukiiba mapera. Yeye akawa mwalimu wa chuo, watoto wa Wawi nzima wamesoma Kurani kwake, na watu humwita Shehe, ingawa ukimkuta anakamua ng'ombe huku anamtukana kwa kumkanyaga mguu, ungesita. Kwao hupigwa zikiri, nami tangu utotoni nilizijua zile pumzi nzito za safu ya wanaume wakilitaja jina la Mungu. Asubuhi hiyo, baada ya salamu zetu ndefu, nikamuuliza kwa sauti ya mtu asiye na jambo.

"Shehe, nyie mkipiga zikiri, pumzi mwaivutaje?"

"Ah! Bwana Shamba, wataka kuingia tarika yetu uzeeni?" Akacheka. Lakini alikuwa mtu wa kufundisha, akaacha kukamua akanionesha, pumzi yapanda na neno, yashuka na neno.

Nikamweleza anavyofanya Sista. Akatikisa kichwa.

"Yafanana," akasema. "Wallahi yafanana."

Nilipata nilichokuja kukitafuta. Yeye hakuwa amemaliza.

"Lakini pumzi ni pumzi, Bwana Shamba. Hata mlevi apumua. La kuuliza ni nani atajwaye. Yeye amtaja wake kwa dini yake, nasi twataja kwa yetu, hatujachanganya chungu. Na mama yule mie namjua. Siku alozika mwanawe, nke wangu kalala kwake siku tatu, asema hakutoka neno kinywani mwake, ila jina la mwana. Sasa kama kapata maneno mawili ya kushikilia, mwacheni ashikilie."

Nikamshukuru, nikachukua chupa yangu imejaa, nikaondoka.

Kikao cha kanisa kilikuwa Jumapili baada ya ibada. Nilisimama na waraka mkono wa kulia. Niliusoma wote. Nikasema jambo hili si la bara tena, limo humu ndani, na kama hamniamini mimi, ushahidi ninao: Shehe wa Wawi mwenyewe, mtu anayeijua zikiri, amekiri kwamba anachofanya Sista kinafanana na wanachofanya wao. Nikaketi. Sikusema la zaidi.

Hebu tazama. Sisi tusiotaka askofu atuamulie, siku ile tulimkubali shehe awe shahidi wa imani yetu, tena bila kumwita. Hakuna aliyecheka, hata mimi sikuona kichekesho. Mchungaji alijaribu kueleza, akababaika, maana alikuwa mgeni na mimi nilikuwa mwenyeji. Mwishowe akasema, "Sista, una neno?"

Sista akasimama. "Nikifungua mdomo niombe kama nyie," akasema, "linatoka jina la mtoto peke yake. Mchungaji kanipa maneno mawili ili niweze kukaa na Mungu bila kumlaumu. Ndiyo hayo tu. Sijui mambo ya watawa."

Ningeishia hapo ningekuwa na kidogo cha kujitetea. Nikainuka tena. Nikasema, kwa upole wote ule wa mashemasi, kwamba basi Sista atuombee sasa hivi kwa sauti, sala fupi tu ya kawaida, ili kanisa lijue ni mwenzetu.

Alishika benchi la mbele yake. "Bwana," akasema. Tukangoja. Nilimwona akitafuta, shingo ikisimama mishipa. Ikapita dakika, au zaidi. Kisha ikamtoka pumzi na neno la pili: "hurumia." Akaketi.

"Mmesikia wenyewe," nikasema.

Hoja yangu ilikuwa robo saa ile ifutwe, na Sista asimamishwe Meza ya Bwana mpaka atakapoyaacha hayo hadharani. Mikono ikanyooka. Yule mzee wa mikarafuu kusikia aliunyoosha wa mwisho, akinitazama mimi, si Mchungaji. Nikahesabu. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Shehe amethibitisha.

Jumapili iliyofuata alikuja. Aliketi benchi la nyuma, mwisho kabisa, amevaa gauni lake la bluu. Ilikuwa siku ya Meza, na mwenye sahani ya mkate upande ule nilikuwa mimi. Nilimpa aliyekaa kabla yake, nikaivuta sahani kwangu, nikageuka. Alikuwa ameanza kuinua mkono, nadhani kwa mazoea. Akaushusha akaulaza juu ya paja. Kuna watu wanaota ndoto za nyoka. Mimi huota mkono ule.

Hakuja tena. Mchungaji naye haikupita miezi miwili akaomba kurudi bara, na Jumatano ikawa yangu tena. Niliomba, akina mama wakafuta machozi.

Pemba habari haihitaji gazeti. Asubuhi moja nilipofika kwa maziwa, Shehe alinijibu salamu kwa mkato.

"Nasikia mie shahidi kanisani kwenu," akasema. "Hata hamkunita, Bwana Shamba?"

Nikacheka cheko la mtu aliyekanyaga mwiba. Yeye akachukua chupa yangu, akamimina, akaacha katikati, akaifunga na kunirudishia.

"Shehe, mbona nusu?"

"Si maneno yangu ulichukua nusu? Basi na maziwa chukua nusu. Siku utapoifikisha ile nusu nyengine, chupa ntaijaza."

Nilidhani ni utani wa siku moja. Kesho yake nusu. Kesho kutwa nusu. Mke wangu akauliza, nikasema ng'ombe anakaribia kukauka, akashangaa kwa nini kwa wanunuzi wengine hajakauka. Watoto wakanywa chai ya rangi. Ningeweza kwenda kununua kwingine, ng'ombe hakuwa mmoja Wawi, lakini kila asubuhi miguu ilinipeleka pale pale, kama mwanafunzi anayejua fimbo inamngoja. Hakunigombeza, wala hakuacha kuuliza hali ya watoto. Alimimina tu, akaacha katikati.

Mkewe Shehe alikuwa akipeleka maziwa hospitalini, na kila akipita kwetu humwambia mke wangu habari za Mama Fulani. Yeye alimwita hivyo siku zote, kwa jina la mtoto, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja siku ya juma. Nikiwa ndani nilisikia, nikajua kwamba huko kuna nyumba ambamo yule mama bado ana mtoto, na kwetu hana hata jina.

Wiki ya nne nilishindwa. Jumapili, wakati wa matangazo, nikasimama nikasema Shehe hakuishia pale nilipoishia mimi. Nikayasema yote, la mlevi, la chungu, la siku tatu. Watu wakatazama magoti yao. Mwenyekiti wa kikao, yule yule mzee, akakohoa.

"Ndugu Shemasi," akasema, "kura imeshapigwa. Ukitaka kuifungua, lete hoja kwa katibu, kwa maandishi."

Katibu nilikuwa mimi. Nikajiandikia barua, nikaipokea, nikaisoma mbele ya kanisa. Mikono ikanyooka kumrudisha Sista, michache kuliko ile ya kumtoa, lakini ilitosha. Mbona mara ya kwanza ilinyooka haraka vile? Kwa sababu mara ya kwanza niliwaomba kwa ufasaha, na mara ya pili nilikuwa natetemeka.

Kesho yake Shehe alikuwa ameshasikia, sijui kwa nani. Akaijaza chupa mpaka ikamwagika mkononi mwangu. "Sasa ile nusu kamfikishie mwenyewe," akasema. Nikaenda nimeshiba. Nilijiona mtu aliyeungama, aliyerekebisha, aliyejishusha, na njiani nilikuwa tayari nimeanza kuipenda picha hiyo.

Nyumbani kwake sikumkuta. Nikaelekezwa makaburini, ndiyo siku mtoto alipotimiza mwaka tangu azikwe. Nilimkuta kachutama, ameweka kanga begani, anang'oa majani, na Pemba majani hayana huruma, ukiyageuzia mgongo yamerudi. Nikavua kofia. Nikamwita kwa jina la mwanawe. Akasimama haraka, kama aliyeitwa na mtu mwingine, kisha akaona ni mimi.

Nikamwambia kanisa limemrudisha. Nikamwambia lile la nusu, na kwamba nililijua ni nusu nilipolisema. Nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, tena akitazama viatu vyangu.

"Nimesikia, Shemasi," akasema. "Nimeshakusamehe siku nyingi. Ilikuwa lazima, maana nisingeweza kupumua."

Ningesema asante nikaondoka. Au ningechutama nikang'oa majani pamoja naye, mimi bwana shamba, kazi ninayoijua kuliko zote. Lakini ukimya ulikuwa umeanza kuingia kati yetu, na mimi ukimya siuwezi.

"Basi tuombe," nikasema.

Alinitazama kidogo. "Omba," akasema.

Nikafumba macho. Nilianza chini, kwa kutubu. Nikapanda taratibu. Nikamtaja mtoto, nikamtaja mama aliyeonewa, nikaishukuru mvua iliyonyesha juu ya mwenye haki na mimi nisiye na haki, na sauti ikanijia, ile ile, nzito na tamu, nikasikia inavyokwenda vizuri. Nikatega sikio nisikie kama ameanza kulia. Nilichosikia ni mizizi midogo ikikatika.

Nikafumbua macho. Alikuwa amenipa mgongo, kachutama upande wa pili wa kaburi, anang'oa, mabega yanapanda na kushuka polepole. Sijui aliniacha wakati gani. Nilikuwa bado sijafika kwenye amina.